Sura ya Saba: Dawa ya Fuko Ni Ipi?

Mvua zikianza, duka la pembejeo katika mji wowote wa nyanda za juu, iwe Limuru, Nyeri, Marangu, Karatu au Kabale, halikosi mteja wa swali hili: "Mna dawa ya fuko?" Anayeuliza huwa ameamka akakuta mstari wa viazi umenyauka. Akavuta shina moja likatoka bila mzizi, akavuta la pili likatoka hivyo hivyo. Mwingine mgomba wake wenye mkungu umeanguka siku isiyo na upepo. Mwingine halimi chochote, ila ana ukoka wake mbele ya nyumba, na kila asubuhi unazidi kuota vifusi vya udongo mbichi. Muuzaji huinama chini ya meza akatoa pakiti. Mteja hulipa, huenda zake, na baada ya wiki chache hurudi kuulizia dawa nyingine, kwa maana ile ya kwanza haikufanya kazi, au ilifanya kazi lakini "wamekuja wengine".

Nijibu mapema, ili asiye na muda aondoke na kitu. Dawa ya kumwaga, kufukiza au kupanda ambayo unaweza kuitegemea haipo. Kilichopo ni udhaifu mmoja wa fuko mwenyewe, ambao wategaji wa vijijini wanaujua tangu zamani: hawezi kuvumilia shimo lake likiwa wazi. Ukilielewa hilo utajua namna ya kumnasa, namna ya kuipima kila dawa unayouziwa, na pia kwa nini wanakuja wengine.

## Unapambana na nani?

Tuanze na mnyama, kwa sababu wengi hupambana na fuko wasiyemjua. Wapo wanyama watatu wanaochanganywa katika mazungumzo ya bustani.

Wa kwanza ndiye mhusika mkuu wa sura hii: fuko wa nyanda za juu. Ana mwili mnene wa kujaa kiganja, manyoya laini ya kahawia au meusi, mkia mfupi, masikio yasiyoonekana na macho madogo mno. Kinachomtambulisha ni meno ya mbele, marefu, ya rangi ya chungwa, yaliyochomoza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Ni mgugunaji, yaani mnyama wa ukoo wa panya ambaye meno yake ya mbele hayaachi kukua maishani mwake, kwa hiyo lazima ayasage kwa kuguguna. Anapatikana kuanzia milima ya Ethiopia, akashuka hadi nyanda za juu za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na milima ya kaskazini mwa Tanzania. Chakula chake ni mizizi, viazi na mashina ya chini ya ardhi. Nyungunyungu na wadudu si chakula chake. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Huko chini kwenye joto zaidi wapo jamaa zake. Kuna fuko wa rangi ya fedha, anayepatikana kuanzia Kenya hadi Malawi, naye ana tabia zinazokaribiana sana na huyu wa milimani. Katika nchi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia yuko yule maarufu asiye na manyoya, anayeishi kwa ukoo mzima chini ya malkia mmoja, pengine hadi 300 katika koloni moja. Huyu wanasayansi wanampenda sana kwa sababu huweza kuishi zaidi ya miaka 30, umri ambao panya wa kawaida hata hausogelei. Kama unalima Kitui au Isiolo na mihogo yako imeguguniwa ikaachwa nusu, huenda ni yeye. Lakini wakulima wengi wanaouliza swali letu hawakai huko.

Wa pili ni fuko-dhahabu. Huyu hana meno ya kutisha wala macho yanayoonekana, maana yamefunikwa na ngozi, na manyoya yake hung'aa yakipigwa na jua. Kwa nasaba si wa ukoo wa panya hata kidogo. Yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya, ingawa kwa sura huwezi kuamini. Hula wadudu, mabuu na nyungunyungu. Tutakutana naye mwishoni, kwenye ukoka.

Wa tatu haishi kwetu kabisa, lakini ndiye anayetuletea mkanganyiko mkubwa kuliko wote. Ni fuko wa Ulaya. Ushauri mwingi unaousoma kwenye intaneti umeandikwa kumhusu yeye. Huyo naye hula nyungunyungu na mabuu, hata huwaweka akiba wakiwa hai. Kwao amewahi kuingia katika historia: mwaka 1702 mfalme William III wa Uingereza alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika mtulinga, akafa wiki mbili hivi baadaye. Ilisemekana kwamba farasi alijikwaa kwenye kifusi cha fuko, na maadui wa mfalme wakawa wakinywa kwa heshima ya bwana mdogo mwenye koti jeusi la mahameli. Leo Ujerumani inamlinda fuko huyo kwa sheria, na mwaka 2006 Uingereza iliondoa sumu ya strikinini iliyokuwa ikitumika kumwangamiza.

Kwa nini tujali mambo ya Ulaya? Kwa sababu ushauri unaorudiwa mara nyingi kumhusu ni huu: "Ua mabuu kwenye nyasi zako, fuko atakosa chakula ahame." Mkulima wa Nyandarua akiufuata ushauri huu atanunua sumu ya wadudu, ataimwaga shambani, ataua nyungunyungu wanaomtengenezea udongo, na fuko wake ataendelea kula viazi bila kusumbuka. Mabuu hayamhusu.

## Maisha ya mpweke

Fuko wa nyanda za juu huishi peke yake. Kila mmoja ana handaki lake, na wawili wakikutana nje ya msimu wa kuzaana hupigana. Kwa hiyo ukiona vifusi kumi na vitano vimetapakaa kwenye robo ekari, usiwaze jeshi. Mara nyingi ni mtu mmoja na njia zake. Habari njema hiyo, na wengi hawaijui. Hukata tamaa kwa kuhesabu vifusi.

Njia hizo ni za aina mbili. Zile za kutafutia chakula hupita karibu na uso wa ardhi, pale mizizi ilipo, na jumla yake huweza kufikia makumi ya mita. Chini zaidi kuna makao: chumba kilichotandikwa majani makavu, sehemu ya kuweka akiba ya viazi na mizizi, na mahali pa kujisaidia. Akichimba hutumia meno, midomo ikiwa imejifunga nyuma yake ili udongo usimwingie kinywani. Udongo huutupa nyuma kwa miguu, kisha hugeuka akausukuma kwa shavu na mguu wa mbele hadi juu. Kifusi unachokiona ni takataka za ujenzi, na mdomo wa njia ile huzibwa mara tu kazi inapokwisha.

Kuziba huko ndiko kiini cha habari. Handaki lililofungwa lina giza, unyevu na joto lisilobadilika sana, na nyoka, nguchiro na kicheche hawana pa kuingilia. Likifunguka, upepo huvuma ndani, mwanga huingia, harufu hubadilika. Fuko aliye upande wa pili hulihisi hilo na huja kuziba, kama wewe unavyoamka usiku mlango ukibamizwa na upepo. Haji kwa ushujaa. Anakuja kwa sababu kutokuja ni hatari zaidi.

Majike hawazai sana: mara nyingi mtoto mmoja au wawili kwa mimba moja, tofauti na panya wa nyumbani. Lakini watoto wakikua, mama hawataki. Hutoka wakatafute mahali pao, na mara nyingi safari hiyo hufanyika juu ya ardhi, usiku. Huo ndio wakati pekee ambao wengi wetu humwona fuko kwa macho, akikatiza njia kwa miguu yake mifupi.

## Kipimo cha shimo wazi

Kabla ya kununua chochote, jifunze kipimo hiki. Hakigharimu kitu, nacho kitakuepusha na hasara nyingi.

1. Tafuta kifusi kipya. Udongo wake huwa na unyevu na rangi nzito kuliko unaouzunguka. Vifusi vikavu vilivyoota magugu viache.
2. Chukua ufito mgumu au nondo nyembamba, chomachoma kuzunguka kifusi. Pale inapozama ghafla, ndipo njia ilipo.
3. Chimba kwa panga au jembe dogo hadi uone tundu la duara lenye kuta laini. Ondoa udongo ulioangukia ndani, uache wazi kwa upana wa kiganja. Usiingize mkono, fuko anauma vibaya, na si kila kinachoishi shimoni ni fuko.
4. Fungua asubuhi, rudi jioni. Kama bado liko wazi, rudi kesho yake.

Ukikuta limezibwa kwa udongo mpya uliosindiliwa, mwenyewe yupo na ni mzima. Likikaa wazi siku mbili au tatu, basi njia hiyo haitumiki; jaribu karibu na kifusi kingine. Bustani ikifunguliwa matundu manne mbali mbali na yote yakabaki wazi, fuko hayupo.

Sasa itumie kanuni hiyo kwa kila dawa. Jirani akikuambia amemwaga maji ya kitunguu saumu na fuko ameondoka, mwombe afungue shimo. Sababu ni kwamba fuko huacha kutoa vifusi kwa nyakati mbalimbali bila dawa yoyote. Kiangazi udongo ukikauka hachimbi sana njia mpya. Akiwa na akiba ya kutosha hutulia. Akimaliza upande huu wa shamba huhamia upande ule. Mtu aliyemwaga kitu siku mbili kabla ya utulivu huo atakiapia maisha yake yote.

## Dawa zinazosifiwa

Maji kwanza, kwa sababu kila mtu ameyajaribu. Ndoo baada ya ndoo humiminwa tunduni. Katika udongo mwekundu wa volkano wa milima yetu, maji hunywewa haraka; njia ni ndefu, nyingine hupanda na nyingine hushuka, na fuko huweza kuziba nyuma yake akasubiri. Mara chache hutoka akiwa amelowa, na hizo mara chache ndizo zinazosimuliwa.

Moshi nao ni hivyo hivyo: pilipili kwenye makaa, matairi, hata bomba la moshi la pikipiki lililounganishwa na mpira. Fuko akinusa husukuma udongo na kujitenga. Zaidi ya hapo, wanyama wa mashimoni wamezoea hewa nzito. Yule jamaa yake asiye na manyoya amepimwa maabara akakaa dakika 18 bila oksijeni kabisa, kisha akaamka. Wa milimani hatusemi ana uwezo huo, lakini si mnyama wa kutishwa na moshi kidogo.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka naomba tuvizungumzie taratibu. Wengi huvitumbukiza mashimoni. Vidonge hivyo vikipata unyevu hutoa fosfini, gesi yenye sumu kali isiyo na dawa ya kuizimua. Imeua watu waliolala chumba kimoja na magunia yaliyowekwa vidonge. Handaki la fuko halina ramani. Hujui kama njia moja haipiti chini ya sakafu ya jiko lako, na ardhi yenye nyufa haizuii gesi. Sioni sababu ya kuhatarisha watoto kwa ajili ya mnyama mmoja wa kujaa kiganja.

Sumu ya panya ya kuchanganya na chakula ina kasoro mbili. Fuko amezoea mizizi mibichi, na chambo kikavu mara nyingi hukisukuma nje pamoja na udongo au hukipitia. Akikila, akafa au akalegea juu ya ardhi, atakayemla atakuwa bundi, paka au mbwa wako.

Utupa ndio mmea unaotajwa zaidi, na una heshima zake. Majani yake yana sumu ya rotenoni, ile inayolewesha samaki, ndiyo maana wavuvi wa mito waliutumia. Wakulima wengi huupanda mpakani wakiamini fuko hatapita. Mimi sijaridhika. Njia za fuko huweza kupita chini au pembeni ya mizizi, na shamba lenye utupa nalo huonekana na vifusi. Lakini ni mmea wa jamii ya kunde, hurutubisha udongo, na majani yake yakifunikwa ardhini ni mbolea nzuri. Upande kwa sababu hiyo, mbali na bwawa la samaki, na fuko akichukizwa hesabu hiyo ni faida ya ziada.

Vifaa vya kutoa mlio au mtetemo, vya betri au jua, vinauzwa ghali. Fuko mwenyewe hugonga kuta za handaki kwa kichwa kuwasiliana na jirani zake, kwa hiyo mtetemo si jambo geni kwake, na ardhi ya karibu na barabara yenye malori imejaa vifusi vyake. Pesa hizo nunulia matofali ya kibanda cha kuku.

Kwa ufupi: fuko wa nyanda za juu hula mizizi wala hali wadudu, huishi peke yake, huziba shimo lililofunguliwa. Dawa nyingi husifiwa kwa sababu ya utulivu wake wa kawaida. Shimo wazi ndilo litakalokuambia ukweli.

## Mtego

Wategaji wazuri wa vijijini hawana elimu ya darasani ya wanyama, lakini mtego wao umejengwa juu ya tabia ile ile tuliyoieleza. Unahitaji vitu vichache: ufito mrefu unaopindika bila kukatika, waya mwembamba laini wa kutengenezea tanzi, uzi wa katani, na panga.

Tafuta njia inayotumika kwa kipimo cha shimo wazi. Ukikuta imezibwa jioni, umepata mahali. Chimbua tena sehemu fupi ya njia hiyo, uchague upande ambao fuko alitokea kuziba. Huo ndio upande anaokaa. Lainisha mdomo wa tundu upande huo ubaki na umbo lake la asili. Kutoka juu ya ardhi, nyuma kidogo ya mdomo, toboa matundu mawili membamba yanayoshuka hadi ndani ya njia.

Tundu la ndani zaidi ni la tanzi. Waya hushushwa, tanzi likafunguliwa likalala limegusa kuta pande zote, lisionekane kama kitu kilichoongezwa. Tundu la nje, karibu na mdomo, ni la uzi wa katani: hushushwa ukakatiza njia wima, ukafungwa kwenye kijiti kilichochomekwa chini. Ufito huchomekwa imara kando, ukapindwa, ncha yake ikafungwa kwenye waya na kwenye uzi kwa pamoja. Kwa sasa uzi ndio unaoushikilia ufito usinyooke.

Halafu ondoka. Upepo unaingia. Fuko anakuja akisukuma udongo, kichwa na mabega yanapita ndani ya tanzi, anakutana na uzi uliosimama njiani. Kwake huo ni mzizi. Anaukata kwa meno. Ufito unafyatuka, waya unavutika, naye anabanwa kwenye dari la njia yake. Mtego ukiwa na nguvu ya kutosha hufa mara moja, na ni wajibu wako kuhakikisha una nguvu hiyo. Ufito uliochoka humtesa na mara nyingi humwachia.

Makosa ya wanaoanza yanafanana. Hutega kwenye kifusi badala ya njia. Kifusi ni jalala, hatarudi hapo. Huacha tanzi dogo, udongo anaousukuma unalifunga kabla yake. Hushika waya kwa mikono yenye sabuni au mafuta ya taa. Sugua mikono na udongo wa shimo hilo hilo kwanza. Na hutega kiangazi kikali, wakati mnyama hana shughuli upande huo. Msimu wa mvua, ardhi ikiwa laini na vifusi vikiwa vibichi, ndio msimu wa kutega.

Ukiona kazi hii si yako, mwite mtegaji. Wengi hulipwa kwa kichwa: anakuonyesha fuko, unamlipa. Mpango huo ni wa haki, ila una tundu lake. Anayelipwa kwa kichwa hana sababu ya kubomoa handaki, kwa maana handaki zima ndilo litakalomletea kazi tena baada ya miezi michache. Patana naye hivi: sehemu ya malipo papo hapo, na iliyobaki baada ya wiki mbili mashimo manne yaliyofunguliwa yakikutwa bado wazi.

## Kwa nini "wamekuja wengine"

Handaki huishi kuliko fuko. Umemnasa mwenyewe, lakini umeacha nyumba iliyokamilika, ina chumba, ghala lenye viazi vyako na njia zinazokwenda kila mstari wa shamba. Kijana aliyefukuzwa na mama yake shamba la pili akiliangukia, hahitaji kuchimba hata hatua moja. Mkulima anayetega bila kubomoa anakodisha nyumba upya kila msimu.

Kwa hiyo baada ya kunasa, fuata njia kwa jembe. Bomoa zile za juu na usindilie. Tafuta makao ya ndani; kwa kawaida utayajua kwa majani makavu na wingi wa akiba. Kazi hii ni nzito, na shamba kubwa hutaliweza lote, basi anza na eneo linalozunguka makao na mpaka wako.

Mpakani ndipo penye ugomvi wa kweli. Ukanda wa matete, uzio wa miti, ukingo wa barabara, kipande cha jirani kilichoachwa bila kulimwa: hayo ndiyo makazi ya akiba. Ukisafisha kwako peke yako, unamwandalia nafasi fuko wa jirani. Ndiyo maana majirani watatu au wanne wakitega wiki moja, mwanzoni mwa mvua, hupata utulivu ambao hakuna hata mmoja angeupata akitega mwaka mzima peke yake. Kumshawishi jirani ni kugumu kuliko kutega. Anza na yule ambaye mgomba wake umeanguka.

## Kupanda kwa kumzingatia

Ambacho hutaki kiliwe, kiweke asipofika. Bustani ya gunia, ile ya kujaza udongo na kupanda sukuma wiki pembeni, haisumbuliwi na fuko kama chini yake pamewekwa bati kuukuu au wavu wa chuma wenye matundu madogo. Tuta lililoinuliwa kwa mbao au mawe nalo litandikwe wavu wa mabati chini kabla ya kujaza udongo, na wavu upandishwe pembeni. Wavu wa plastiki usihangaike nao. Ataukata kwa meno.

Kwa miche michache ya thamani, kama parachichi la kupandikiza, tengeneza kikapu cha wavu huo huo chenye upana wa kutosha mizizi ikue miaka ya mwanzo. Shamba zima huwezi kulizungushia wavu, na atakayekushauri hivyo hajapiga hesabu.

Viazi vitamu, viazi mviringo, magimbi na karoti visikae ardhini baada ya kukomaa. Familia nyingi huviacha huko kama ghala, zikichimba vya kutosha chakula cha siku. Ni desturi nzuri mahali pasipo na fuko. Mahali alipo, ghala lako ni ghala lake, naye huchimba usipomwona. Vuna vilivyokomaa, viweke mahali pakavu penye giza.

Waache pia wasaidizi wako. Juu ya nguzo za umeme za nyanda za juu hukaa ndege mkubwa wa jamii ya mwewe, mkia mwekundu wa kutu, akitazama chini kwa saa nyingi. Fuko ni sehemu kubwa ya chakula chake. Babewatoto naye, bundi mwenye uso mweupe, hukamata wale vijana wanaohama usiku. Najua wengi humrushia mawe kwa kuamini huleta msiba. Kwa mkulima wa viazi, kumfukuza babewatoto ni hasara anayojitakia. Nguchiro nitawaachia wenye kuku waamue.

## Na ukoka?

Kwa mwenye ukoka mbele ya nyumba hasara ni ya macho tu, na hatua zake zaweza kuwa nyepesi. Vifusi visiachwe hapo. Udongo wake ni laini, usio na mawe, mzuri kwa kitalu cha miche. Ukusanye kwa sepetu, usiusambaze juu ya nyasi ukaziua. Kisha mtego, kama kawaida.

Lakini chunguza kwanza. Kama huoni vifusi, ila tuta jembamba lililoinuka juu ya uso wa nyasi na kupinda huku na huku, na nyasi zenyewe hazijanyauka, basi huyo ni fuko-dhahabu, hasa baada ya mvua nzito. Yuko kazini akila mabuu yale yale ambayo mwenye nyumba wa pili ananunulia sumu. Mtego wa uzi haumnasi, kwani hana meno ya kukata mizizi wala sababu ya kufanya hivyo. Likanyage lile tuta kwa mguu, mizizi ya nyasi ishikane tena na udongo, na umwagilie kidogo kama jua ni kali. Ardhi ya juu ikikauka atafuata wadudu chini zaidi, na matuta yatakoma yenyewe.